Mstari wa Katikati Ulinidanganya: Ninavyofuatilia Kimbunga Siku Hizi

Alhamisi ya tarehe 4 Julai 2024, sikukuu ya uhuru ya Wamarekani, tulikuwa tunachoma mbuzi nyumbani kwa rafiki, kusini-magharibi mwa Houston. Mtu akauliza habari za kimbunga Beryl. Nikatoa simu, nikawaonesha ramani: mstari unakwenda mpakani mwa Texas na Mexico, mamia ya kilomita kutoka tulipokaa. "Hicho cha wenzetu," nikasema, tukarudi kwenye mbuzi.

Jumatatu alfajiri kimbunga kikatua Matagorda, jirani zetu kabisa. Kulipokucha sikuwa na umeme, na sikuupata kwa siku sita, katika joto la Julai la Texas ambalo hata mtoto wa Dar hulikimbia.

Ramani haikukosea. Mimi ndiye niliyeisoma vibaya, na nimewaona wengi wetu tuliohamia huku tukiisoma vivyo hivyo.

Ile sura ya koni inayouzunguka mstari kwenye ramani, inayotolewa na Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichoko Miami, inaeleza jambo moja tu: kitovu cha kimbunga kinaweza kupita wapi. Kwa kawaida hubaki ndani ya koni mara mbili katika kila tatu, maana yake mara ya tatu hutoka. Inapanuka kwa mbele kwa sababu utabiri wa siku ya nne hukosea kuliko wa kesho, wala si kwamba kimbunga kinanenepa. Upepo na mvua, navyo, havijui mpaka wa koni. Kwa hiyo ule mstari wa katikati mimi siutazami tena. Najiuliza: je, mimi nimo ndani ya koni, au karibu nayo? Kama ndiyo, basi ni changu.

Taarifa kamili hutoka mara nne kwa siku. Kwa saa za hapa Houston wakati wa kiangazi ni saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi, saa kumi jioni na saa nne usiku. Pwani ikishawekwa kwenye tahadhari, huongezwa nyingine katikati. Nimezitegea kengele kwenye simu. Kati ya saa hizo sihangaiki, na zile sauti za WhatsApp za "nimeambiwa na mtu wa ndani" nazifuta bila kuzisikiliza. Beryl ilisogezwa kaskazini taarifa baada ya taarifa, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Aliyefungua simu mara moja tu, Alhamisi, ni mimi.

Kosa langu la pili lilikuwa daraja la nguvu ya kimbunga. Jumapili nilisikia "daraja la kwanza" nikapumua. Madaraja hayo matano hupima kasi ya upepo peke yake; hayasemi lolote kuhusu mvua wala bahari kufurika. Wenyeji wa hapa watakutajia Harvey ya mwaka 2017: ilitua Rockport ikiwa daraja la nne, lakini Houston iliizamisha kwa mvua baada ya upepo kwisha nguvu, ikikaa palepale siku kadhaa. Nederland, mashariki ya hapa, ilipata zaidi ya milimita 1,500. Dar es Salaam haifikishi kiasi hicho kwa mwaka wa kawaida. Beryl nayo, na daraja lake la kwanza, ilikata umeme kwa wateja zaidi ya milioni 2.

Tena angalia uko upande gani. Huku kaskazini mwa ikweta, upande wa kulia wa njia ya kimbunga ndio mbaya zaidi, na Houston ilikuwa kulia kwa Beryl. Kwetu mambo hugeuka, ubaya huwa kushoto. Nilimwambia hivyo dada yangu aliyeko Mafia Mei ya mwaka huohuo, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, nikijiona mtaalamu. Julai akanipigia yeye. Sitaandika alichosema.

Sasa nikishajua nimo, naacha koni na kufungua ramani nyingine ambayo watu wengi hawaijui: ile ya saa ambayo upepo wa kilomita 63 kwa saa unaweza kuanza kufika. Hiyo ndiyo saa yangu ya mwisho ya kuwa nje. Petroli, dawa, maji, kumchukua bibi wa ghorofa ya tatu, vyote viishe kabla yake. Kisha natazama ramani ya bahari kupanda, na eneo langu la kuhama, ambalo kaunti hulipanga kwa kufuata msimbo wa posta. Wenyeji wana usemi: maji unayakimbia, kwa upepo unajificha. Ukiambiwa uhame ni kwa sababu ya maji, basi hama. Kama hukuambiwa, usijazane barabarani. Sentimita 30 tu za maji yanayokwenda kasi hubeba gari dogo.

Jenereta iwe nje, mbali na madirisha na milango, hata kama unaogopa wezi. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukuamsha, na kila baada ya kimbunga kuna familia hulala nao na wasiamke.

Jirani yangu Mkongo alikuwa na ujanja ambao sasa ni wangu pia: kabla ya kimbunga anagandisha kikombe cha maji kwenye friza na kuweka sarafu juu ya barafu. Umeme ukirudi, sarafu ikiwa imezama, chakula kiliyeyuka kikagandishwa tena, usikile. Siku ya saba tulifungua yake pamoja. Sarafu ilikuwa chini kabisa, na mbuzi aliyebaki wa sikukuu hatukuhitaji sarafu kumjua.