Mchungaji, ni kweli mwanangu hakupona kwa sababu sina imani?

SWALI

Shikamoo mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa hapa Moshi, naishi Pasua. Kijana wangu ana miaka 14 na anaanguka kifafa tangu akiwa darasa la pili. Alikuwa anameza dawa na kuanguka kulikuwa kumepungua sana. Miezi mitatu iliyopita jirani alinipeleka kwenye mkutano wa maombezi. Mtumishi alimwekea kijana mikono, akasema pepo limetoka. Nilinunua mafuta ya upako chupa mbili, nikaambiwa dawa niziache, maana kumeza dawa baada ya kuombewa ni kumfanya Yesu muongo. Nikaziacha. Wiki ya pili kijana alianguka mara nne kwa siku moja. Niliporudi kwa mtumishi akaniambia, "Mama, uponyaji ulishatoka, wewe ndiye huna imani." Tangu siku ile sipati usingizi. Ni kweli imani yangu ndogo ndiyo iliyomzuia Yesu? Na ile chupa ya pili bado ninayo, sijaifungua. Naogopa kuitupa. Niifanyeje?

JIBU

Marahaba mama, asifiwe sana. Na pole, pole ya kweli.

Kabla sijafungua Biblia: mrudishe kijana kliniki leo, usingoje kesho. Waeleze kwamba dawa zilikatishwa na tangu lini. Usizianze tena mwenyewe kwa kukisia kipimo. Dawa za kifafa zikiachwa ghafla, degedege linaweza kuja mfululizo lisikome, na hapo mtoto anaweza kufa. Nesi akikukaripia, vumilia, atakuwa na haki kidogo. Akianguka tena kabla hamjafika, mlaze ubavu, mwondolee vitu vya kumwumiza, na asitiwe kitu chochote mdomoni, iwe kijiko au kidole.

Sasa tukae tuongee. Mkasa wako umo ndani ya Injili, karibu vilevile ulivyo. Fungua Marko 9, anzia aya ya 14. Baba mmoja ana kijana anayeanguka, anatoka povu, anasaga meno, anakauka. Mara nyingi ameangukia motoni na majini. Mama mwenye mtoto wa kifafa hahitaji kufafanuliwa habari ya moto. Nadhani hata jiko lako la mkaa unajua ni wapi haliwekwi.

Baba yule alimpeleka kijana kwanza kwa wanafunzi. Wakajaribu, wakashindwa. Yesu anashuka mlimani anakuta mabishano, waandishi upande huu na wanafunzi upande ule, umati umezunguka, na kijana bado mgonjwa. Anaomba aletewe. Kisha anamwuliza baba swali ambalo wewe umeulizwa kliniki mara nyingi: "Tangu lini amepatwa na haya?" Tangu utoto, baba anajibu. Huwa napenda kusimama hapo nikihubiri. Mwenye uwezo wote mbinguni na duniani anauliza historia ya ugonjwa, na anasikiliza jibu.

Kijana akapona. Wanafunzi wakamwendea Bwana faraghani, wana aibu, wakauliza kwa nini wao hawakuweza. Mathayo ndiye aliyetuhifadhia jibu kamili, sura ya 17 aya ya 20. Chukua kalamu uipigie mstari: "Kwa sababu ya upungufu wa imani yenu."

Yenu. Walioambiwa hivyo ni akina nani? Hakuwa baba, wala kijana aliyekuwa akigaagaa chini. Ni wale walioweka mikono. Kiswahili chetu hakimwachi mtu ajifiche hapa. Kama Bwana angetaka kumlaumu mzazi angesema "imani yake". Kwa hiyo mama, aliyekuambia kijana hakupona kwa kuwa wewe huna imani ameuchukua mstari ulioandikwa kwa ajili yake, akakubandika wewe. Nimezipitia Injili zote nne nikitafuta mahali ambapo Yesu anamwambia mgonjwa aliyemjia, "Nilitaka kukuponya, ila imani yako haikufika kiwango, rudi nyumbani." Hakuna.

Mstari huohuo ndio wenye punje ya haradali na mlima. Sisi wa Moshi tukisikia "mlima huu" macho yanakwenda yenyewe kaskazini, tukiangalia kama leo umefunguka au umejifunika. Ndiyo maana labda tunapenda kuuhubiri kama mashindano ya kubeba mizigo: mwenye imani kubwa ajitokeze ausukume. Lakini Bwana ametaja punje, kitu ambacho kikidondoka mkekani hukioni tena. Imani ya ukubwa huo inatosha, kwa sababu punje siyo inayousukuma mlima.

Utaniambia, "Mchungaji, lakini baba yule naye aliambiwa yote yawezekana kwake aaminiye." Kweli, aliambiwa. Tazama alivyojibu: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Ndiyo na hapana kwa pumzi moja. Bwana hakumwambia aende akajipange arudi wiki ijayo akiwa ameamini vizuri. Aligeuka papo hapo akamshughulikia mtoto.

Wachaga tunalo jani la isale. Mtu aliyemkosea mwenzake hulipeleka jani hilo kuomba msamaha, na anayeletewa anajua ameombwa kwa uzito wote. Jani halimlazimishi mtu, wala isale ndefu haishindi isale fupi. Anayelipeleka anachosema ni kimoja tu: nimekuja kwako, sina pengine pa kwenda. Imani ya baba yule ilikuwa isale, tena labda imenyauka njiani. Nguvu yote ilikuwa kwa aliyepelekewa.

Hapo ndipo neno "mamlaka" linapoingia. Injili inasema mara mbili kwamba Yesu alistaajabu. Kule Nazareti alistaajabia kutoamini kwao; Kapernaumu alistaajabia imani ya akida wa Kirumi, mtu wa mataifa, askari wa jeshi la kigeni. Soma Mathayo 8 uone akida alisema nini hata Bwana akashangaa. Hakusema neno hata moja kuhusu imani yake. Alisema hastahili Bwana aingie chini ya dari yake, kisha akaeleza kazi yake: mimi nami nipo chini ya mamlaka, nina askari chini yangu, "nikimwambia huyu, Nenda, huenda, na huyu, Njoo, huja." Basi sema neno tu. Mjeshi yule alitambua cheo alipokiona. Alielewa kwamba ugonjwa mbele ya Yesu ni kama askari mdogo mbele ya mkuu wake. Ukiamriwa utatii, hata kama mkuu hayupo pale chumbani. (Wenye cheo cha kweli huwa hawapigi kelele. Ninapoona vipaza sauti vinane vimepangwa uwanjani ili pepo asikie... basi, tuendelee.)

Na mtumishi wa akida je, aliyeponywa? Alikuwa amelala nyumbani, amepooza. Imani yake haitajwi. Vivyo hivyo binti Yairo, aliyekuwa amekufa. Vivyo hivyo yule mgonjwa wa miaka 38 pale Bethzatha katika Yohana 5, ambaye hata baada ya kupona alikuwa hajui aliyemponya ni nani. Malko, mtumwa wa kuhani mkuu, alikuja usiku na waliomkamata Yesu, akakatwa sikio, na akarudi na sikio lake zima. Hebu mtu aniambie Malko alikuwa na imani kiasi gani.

Sisemi imani si kitu. Yule mama aliyetokwa damu miaka 12 aliambiwa, "Binti, imani yako imekuponya." Lakini imani yake ilikuwaje? Alikuja kwa nyuma, kwa kujificha, akafikiri akigusa tu vazi itatosha, na alipogunduliwa akaanza kutetemeka. Marko anasema pia alikuwa amegharimia matabibu wengi hadi akaishiwa. Yesu hakumkemea hata kidogo kwa kwenda kwa matabibu. Wale wakoma kumi wa Luka 17 wote walitakasika, na tisa hawakurudi hata kushukuru. Hatusomi popote kwamba ukoma uliwarudia. Yule mmoja aliyerudi ndiye aliyeambiwa, "Imani yako imekuokoa." Katika Kiyunani hilo "imekuokoa" na lile "imekuponya" la mama ni neno moja, sozo. Kiswahili kina bahati hapa, maana tunalo "kupona": aliyetoka malaria amepona, na aliyetoka mzima ndani ya basi lililopinduka pia amepona. Imani ndiyo iliyomrudisha yule mmoja kwa Bwana mwenyewe, akapata zaidi ya ngozi safi.

Na Nazareti? Marko anaandika kwamba hakuweza kufanya mwujiza wowote huko, "isipokuwa aliweka mikono yake juu ya wagonjwa wachache, akawaponya." Wachache walioletwa walipona hata katika mji ule mgumu. Kosa la Wanazareti lilikuwa kumdharau, "Huyu si yule seremala?" Wewe, mama, uliyekesha na kijana, ukapanda daladala naye hadi mkutanoni, ukapiga magoti kwenye vumbi, usikubali kuhesabiwa na watu wa Nazareti.

Kuhusu pepo. Marko anamtaja pepo kwa kijana yule, sitaficha. Ila Mathayo 4:24, akiorodhesha walioletwa kwa Yesu, anawataja "wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza", kila kundi kwa jina lake. Mwinjilisti alijua kutofautisha. Anayesema kila kifafa ni pepo anasema zaidi ya Biblia.

Kuhusu dawa nitasema kwa kifupi, maana sikuona kama una ubishi nazo, ulitishwa tu. Isaya alipoambiwa Hezekia atapona, bado aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu, na mfalme akapona. Paulo alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara, hakumwambia, "Timotheo, imani yako ina shida." Luka aliyetuandikia Injili anaitwa tabibu mpendwa. Na hapa kwetu, hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 ina neno "Kikristo" ndani ya jina lake. Waliochangia kuijenga walikuwa watu wa kuomba. Hawakuona kama wanamfanya Yesu muongo.

Paulo huyohuyo alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto, 2 Timotheo 4:20. Yeye mwenyewe alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba katika mwili wake, na jibu likawa, "Neema yangu yakutosha." Mwenye mamlaka ana mamlaka pia ya kujibu hivyo. Askari hampangii mkuu wake. Ndiyo maana mimi ninapowaombea wagonjwa namwomba Bwana waziwazi awaponye, na wengine nimewaona wakiinuka, wengine nimewazika, na sijawahi kusimama kaburini nikamwambia mfiwa ni yeye.

Ulilipia mafuta. "Mmepata bure, toeni bure," Mathayo 10:8. Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, alimkimbilia Naamani aliyeponywa ukoma, nyuma ya gari, akachukua fedha ya uponyaji asioufanya yeye, akatoka mbele ya bwana wake na ukoma. Sitaongeza neno.

Ila la mafuta siwezi kulipita, kwa sababu mji huu una kidonda. Tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyakimbilia mafuta ya upako ili wayakanyage wapone. Miaka tisa kabla yake, 2011, magari yalipanga foleni kwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za kila siku. Mzee aliyekuwa akitoa kikombe kile cha dawa alikuwa mchungaji mstaafu wa kanisa hili langu la Kilutheri, kwa hiyo sisi nasi hatuna cha kuwacheka wengine. Wote walioenda walikuwa watu kama wewe, wanaoumwa na wanaopenda wagonjwa wao. Hakuna aliyekufa kwa kukosa imani. Walifundishwa kwamba mamlaka ya Yesu yamo ndani ya kitu, na kitu kinaisha, kwa hiyo lazima kukimbia.

Yakobo 5 anataja mafuta pia, lakini angalia mwendo wake. Mgonjwa anawaita wazee wa kanisa. Wazee ndio wanaokwenda kwake, ndio wanaopaka mafuta kwa jina la Bwana, na kule kuomba kwa imani ni kwao. Mgonjwa kazi yake ni kuita. Hata hapo, kama kule Marko 9, mzigo wa imani umewekwa mabegani mwa wanaoomba. Basi umeshaita, mama. Jumatano jioni nitakuja Pasua na wazee wawili. Tutamwombea kijana kwa imani tuliyonayo sisi, wewe pumzika, na ikifika saa ya dawa yake tutasimama kidogo ameze, kisha tuendelee.

Chupa yako usiogope. Soma lebo. Nyingi nilizoletewa mimi ni alizeti. Kama na hiyo ni alizeti na haijaharibika, kaangia vitunguu.