Kuchoka si kuiacha njia
Dada, umeuliza kama kuchoka kusali ni dalili kwamba umeiacha safari ya imani. Hapana, hata kidogo. Soma 1 Wafalme 19 katika Biblia. Nabii Eliya alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti uitwao mretemu, akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji lilikuwa pale kichwani pake. Akala, akalala tena! Malaika akarudi mara ya pili: ale, maana safari ilikuwa kubwa mno kwake. Ndipo akatembea siku 40, mchana na usiku, hadi Horebu, mlima wa Mungu. Nakipenda sana kile kipande cha kulala tena. Kwa hiyo pumzika, na umwombe mwenzako wa jumuiya aje msali pamoja jioni.