Kabla hujajenga ghala kando ya reli iliyolala

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Taveta. Alianza na shikamoo, akaniita mzee wangu, kisha akayamwaga yote ya moyoni kwa mkupuo mmoja. Ana kiwanja cha urithi karibu na njia ya reli ya zamani. Ana mkopo wa chama, umeshapitishwa. Anataka kujenga ghala la magunia 3,000, anunue mahindi ya kwao na ya ng'ambo ya mpaka wakati wa mavuno, ayaweke, na siku reli ya Voi hadi Taveta itakapofufuliwa yeye awe wa kwanza kupakia behewa kuja Mombasa. "Tanzania wamerudisha treni mpaka Moshi, mzee wangu. Sisi tutakosaje?"

Niliusoma mara tatu. Usiku ule usingizi ulinipaa. Naandika hapa badala ya kumjibu yeye peke yake kwa sababu nawajua ninyi mnaonisoma. Sote tuliomo kwenye nafaka tuna ghala hilo hilo kichwani, na treni ile ile imesimama mbele yake.

Jibu langu ni hili: usijenge, mwanangu. Nenda kwanza ukaitembee reli kwa miguu yako.

Mimi si adui wa reli. Nimezaliwa Changamwe, baba yangu alikuwa karani wa mizigo, na mfuko wa shati lake haukukosa kipande cha chaki nyeupe. Alikuwa akipita behewa kwa behewa akiandika alama ubavuni: linakokwenda, limebeba nini, limefungwa au bado. Akirudi nyumbani vidole vyake vilikuwa vyeupe na mama alimkataza kushika vyombo kabla ya kunawa. Treni ya mizigo nilijifunza kuihesabu kabla ya kujifunza kusoma. Kwa hiyo nisemayo hapa nayasema kwa uchungu wa mtu anayeipenda.

Miaka yangu ya soko la Kongowea siisimulii, kila mmoja wenu ana yake. Twende moja kwa moja Novemba 2013. Nilikuwa nimepata oda ya tani 240 za mahindi kutoka kwa mwenye kinu hapa Mombasa. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote nilizowahi kuzishika. Kwa malori ningehitaji tisa, kila moja na dereva wake, mizani zake na mambo yake ya njiani. Kwa treni nilihitaji mabehewa sita tu, tani 40 kila moja, na nauli ilishuka kwa karibu theluthi. Nilipiga hesabu ile usiku, nikairudia asubuhi, nikaona mlango umefunguka. Nilijiona mimi ndiye nitakayeirudisha kazi ya baba.

Tulipakia kwenye stesheni ndogo upande wa Uasin Gishu, kwenye reli ya zamani inayotoka Nakuru kwenda Malaba. Huko ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, baridi inauma, na mvua ya mwisho wa mwaka ilikuwa bado haijaaga. Kipimo cha unyevu kilisoma 15 kwenye magunia mengi, mengine 16. Kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, nakijua kama jina langu. Lakini niliambiwa treni itafika kwa siku nne, na mwenye kinu alikuwa anasaga papo hapo. Nikasema siku nne si kitu. Milango ikafungwa, lakiri zikapigwa, nikatoa chaki niliyokwenda nayo makusudi nikaandika ubavuni kwa mkono wangu: MOMBASA.

Reli ile haiteremki tu kuja pwani kama maji. Kutoka huko treni hupanda kwanza mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ndipo ishuke Nakuru, kisha ipande tena ukingo wa Bonde la Ufa, ndipo ianze safari ndefu ya kushuka baharini. Injini ikiwa dhaifu, kila mlima ni kituo. Siku ya tisa niliambiwa mabehewa yangu yako Nakuru yanasubiri injini. Siku ya kumi na nne, treni nyingine ilikuwa imeacha reli mbele yao. Siku ya kumi na saba yalikuwa yameegeshwa kwenye jua la Voi. Nilipiga simu mpaka makarani wakawa wanaijua sauti yangu kabla sijataja jina.

Yalifika siku ya kumi na tisa.

Lile la kwanza lilipofunguliwa, kuli aliyekuwa mlangoni alirudi nyuma akaziba pua. Hewa iliyotoka ilikuwa ya moto na harufu yake kama busaa iliyosahauliwa mtungini. Nilitazama juu. Bati la paa lilikuwa na vitone vya maji vimejipanga kwenye kila mshono, na magunia ya juu yalikuwa na madoa ya kutu palipodondokewa. Nikachukua bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha wa kuchomolea nafaka gunini, nikalichoma kwenye gunia la tatu kutoka juu, nikaliinamisha kiganjani. Mahindi makavu hutiririka kwenye bambo kwa mlio kama mvua ya kwanza kwenye makuti. Haya hayakutiririka. Niligonga, nikagonga tena, likatoka bonge moja, punje kumi au kumi na mbili zimegandana kwa uvundo wa kijani, na ndani yake joto kama la uji.

Kilichotokea ni hiki, mkielewe kabla hakijawakuta. Mahindi mabichi yanapumua. Yakifungiwa kwenye chuma hutoa joto na mvuke. Mchana jua hulichoma behewa, mvuke unapanda. Usiku bati linapoa, mvuke unageuka maji na kudondoka juu ya magunia yale yale. Kila siku behewa linaposimama mchezo huo unarudiwa. Treni ikikimbia utaponea. Ikisimama, behewa linakuwa chungu.

Mabehewa mawili yalikataliwa yote. Manne yaliyobaki, tabaka za juu zilitupwa. Jioni ile ile alinijia dalali, mtu niliyekuwa nikimheshimu, akaninong'oneza kuwa mabovu yale yakichanganywa moja kwa matatu na mahindi mazuri, wenye vinu vya mitaani hawatajua. Nilimkatalia. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumukuvu, sumu ya uvundo wa nafaka, Ukambani, Makueni na Kitui, na reli ya Mombasa inapita katika nchi ile ile. Niliwafikiria wale watu nikashindwa kumtazama usoni. Nililipa kutupa mahindi yangu mwenyewe. Hilo ndilo jambo la kibiashara ninalojivunia kuliko faida yoyote niliyowahi kuipata, na nitawasimulia wajukuu.

Kiwanja cha Mtwapa niliuza. Mama watoto hakunilaumu hata neno moja, na hilo liliniuma kuliko lawama. Waliokuwa wakiendesha treni niliwaandikia barua tatu. Walijibu moja: nafaka yenye unyevu kupita kiwango ni jukumu la mwenye mzigo. Kwa unyevu, walisema kweli. Kwa siku kumi na tano za ziada, mpaka leo hakuna aliyeniambia pole.

Basi nikirudi kwa kijana wangu wa Taveta. Baada ya ujumbe wake nilipanda gari mpaka Mwatate nikaifuata reli yake kwa miguu, asubuhi nzima. Chuma kipo, ndiyo. Lakini mahali pengine mchanga umezifunika pau zote mbili, unaziona tu kwa mstari wa nyasi. Nilikuta kichuguu kimeota katikati ya njia, kimefika kiunoni kwangu. Kichuguu cha namna hiyo si cha mwaka mmoja. Mbuzi wanalala juu ya mataruma, yale yanayolazwa chini ya pau kuzishika. Nilikaa hapo kwa muda. Nilimkumbuka baba na chaki yake.

Mwanangu, ijue pia historia ya hiyo reli unayoisubiri. Haikujengwa kwa ajili ya mahindi yako. Waingereza waliianza mwaka 1915 kutoka Voi ili wapeleke askari, maji na mizinga kuwapiga Wajerumani upande wa Kilimanjaro, na mwaka 1916 ikaunganishwa na reli ya Tanga kule Kahe. Ilijengwa kwa haraka ya vita. Mkonge na mizigo mingine viliifuata baadaye. Leo barabara ya lami inatoka Voi mpaka mpakani, na lori linafika mlangoni kwako bila kumsubiri mtu.

Na ukisema Tanzania wamefufua, ni kweli, mwaka 2019 treni zilirudi Moshi na mimi nilifurahi kana kwamba ni zetu. Lakini angalia walivyofanya: walisafisha njia, wakabadilisha mataruma, wakaleta injini, ndipo watu wakapakia. Hawakuanza na ghala la kijana mmoja mwenye mkopo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaliulizi. Reli yako ina upana wa mita moja, sawa na ile ya zamani iliyoanzia Mombasa mwaka 1896. SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, ina milimita 1,435. Behewa la Taveta haliwezi kuingia kwenye SGR hata siku moja. Hata wakiifufua kesho, uliza: pale Voi mahindi yangu yataendelea na reli ya zamani, au yatashushwa na kupakiwa upya? Kila kushusha ni ujira wa makuli, ni gunia linalopasuka, ni siku moja zaidi kwenye jua. Umeshaniona mimi na siku.

Kwa hiyo nenda ukaitembee reli. Narudia kwa sababu najua hutaenda. Usiulize ofisini, usisome gazeti, usimsikilize mheshimiwa kwenye mkutano. Tembea. Tazama kama nyasi zimekatwa. Tazama kama kichwa cha reli kinang'aa, maana reli inayotumika hung'aa kama kisu, na reli iliyolala ni nyekundu kwa kutu. Tazama kama njia ya pembeni ya kupakilia bado imeunganishwa na njia kuu. Muulize mama anayeuza chai karibu na stesheni aliona treni ya mizigo lini. Yeye ndiye ratiba.

La pili ni ukavu. Kausha kana kwamba treni itachelewa, hata kama unatuma kwa lori, hata kama mnunuzi yuko mtaa wa pili. Huna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi robo, tia chumvi kavu vijiko viwili, funga, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado mabichi, rudisha kwenye turubai. Isipoganda, angalau umefika chini ya 15, endelea kukausha. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yalijaa mipakani. Zuio liliondolewa baada ya siku chache kwa masharti, na waliokuwa na mahindi makavu na karatasi zake walilala usingizi kuliko wengine. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kausha, mwanangu. Kausha.

Na ghala? Kodi chumba kimoja kando ya lami, magunia 200, uone msimu mmoja. Mkopo wa chama si wako, ni wa akina mama wanaoweka shilingi mia kila Ijumaa.

Wapo watakaosema ninawakatisha vijana tamaa. Mimi naamini nafaka ni mali ya reli. Malori tisa kwa kazi ya mabehewa sita ni dhuluma kwa mkulima na kwa barabara, na kuiacha reli ya vijijini ioze huku mahindi yakisafiri kwa bei ya dizeli ni dhambi ambayo viongozi wetu wataulizwa. Tudai ifufuliwe. Tuandike, tusimame, tuseme. Lakini kudai ni jambo moja, na kuweka jasho la watu juu ya ahadi ni jingine. Vijana, msikubali kuwa mabehewa ya kwanza kwenye njia ambayo hakuna aliyeipitia.

Nimemwambia kijana nitakuja Taveta Jumamosi ijayo kwa matatu ya alfajiri. Anisubiri kiwanjani kwake, tuifuate reli kuelekea Voi mpaka jua litukataze. Ameuliza aje na nini. Viatu vigumu, nimemwambia, na maji, na gunia moja la hayo mahindi anayotaka kuweka. Bambo ninalo.