Betri inalala usiku, mchana gari linawaka vizuri: nianzie wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Raum, betri niliinunua mpya miezi minne iliyopita. Nikiegesha nyumbani Ilazo jioni, asubuhi inalia tik-tik tu. Jirani akinibusti inawaka, naenda nayo kazini Mtumba, na jioni nikitoka inawaka yenyewe. Fundi wa kwanza kasema betri ni feki. Wa pili kasema altaneta, yaani ile inayochaji betri, ingawa alipima mbele yangu ikasoma volti 14.1. Nimefungiwa pia redio ya skrini kubwa na kifaa cha kufuatilia gari. Sina hela ya kubahatisha. Nianzie wapi?

JIBU: Salama dada, pole na usumbufu. Kwanza usinunue chochote. Hao mafundi yeyote kati yao anaweza kuwa sahihi, ila hakuna aliyepima gari likiwa limelala, na ugonjwa wako ni wa usiku.

Anza kwa kutenganisha mambo mawili: gari linanyonya betri, au betri yenyewe haitunzi chaji? Peleka betri ichajiwe polepole usiku kucha. Chaji ya saa moja ya gereji haitoshi, na mwendo wa nusu saa wa kwenda Mtumba ndiyo kabisa. Betri iliyobustiwa asubuhi inafika kazini ikiwa na cha kuwashia tu, haijajaa. Ikitoka kwenye chaja iache itulie saa chache, halafu ipime. Betri nzima husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Jioni legeza terminali ya hasi kwa spana namba 10, iweke pembeni isiguse chochote, ukalale. Asubuhi pima kabla hujairudisha. Ikiwa bado 12.5 au 12.6 na gari likawaka mara moja, mwizi wa umeme yumo ndani ya gari. Ikiwa imeshuka mpaka 12.2 na waya haukuwepo, fundi wa kwanza ana haki. Rudi dukani na risiti. Kabla ya hapo futa juu ya betri, maana vumbi letu la Dodoma likichanganyika na unyevu wa asidi hupitisha umeme kidogo kutoka terminali moja hadi nyingine.

Tuseme mwizi yumo. Hapa watu hukimbilia taa ya buti, basi tupige hesabu. Taa ya wati 5 hunyonya kama ampia 0.4. Kwa saa 13 za usiku ni ampia-saa 5 hivi. Betri ya ampia-saa 45 iliyojaa na yenye afya itawasha gari bila kusita. Ili ilale kwa usiku mmoja, kitu kinapaswa kunyonya karibu ampia 2, au betri iwe ilishachoka. Kwako nahisi yote mawili yamekutana: kuna uvujaji, na kulala kila usiku kumeidhoofisha betri. Betri za kuwashia magari hazivumilii kukaushwa mara kwa mara. Ndiyo maana mchana inaweza: saa unazoegesha ni chache, na joto huichangamsha. Asubuhi ya Juni, baridi ikishuka chini ya nyuzi 15, haina pa kushika.

Sasa kipimo chenyewe. Weka mita ya umeme upande wa ampia 10, iunganishe kati ya waya wa hasi na terminali yake. Ufunguo utoke, milango ifungwe, na kama boneti ina swichi ya alamu, ibane. Usiwashe gari wala kugeuza swichi mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Subiri nusu saa, kwa sababu kompyuta za gari hazilali papo hapo. Wengi husoma dakika ya kwanza na kuhukumu gari bure. Baada ya hapo namba njema ni chini ya ampia 0.05. Ukiona 0.5 au 2, chomoa fyuzi moja moja huku ukitazama mita. Maelezo ya mfuniko wa boksi la fyuzi mara nyingi ni ya Kijapani, hivyo piga picha kwanza. Namba ikianguka, hiyo ndiyo njia ya kufuata.

Ila kifaa cha kufuatilia mara nyingi hufungwa moja kwa moja kwenye betri na hakipiti kwenye boksi la fyuzi. Chomoa waya wake mwenyewe. Redio hizi za skrini nazo nazishuku kuliko chochote: waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu unatakiwa kufuata ufunguo. Mfungaji mwenye haraka huunganisha yote miwili kwenye wa kudumu, na redio haizimiki kamwe hata skrini ikiwa nyeusi.

Fundi wa pili naye usimdharau. Volti 14.1 inaonyesha altaneta inachaji, haionyeshi kwamba haivuji. Daiodi yake, kile kinachozuia umeme usirudi nyuma kutoka kwenye betri, ikiharibika, inaweza kuchaji mchana na kunyonya usiku. Asubuhi kabla ya kubusti, shika altaneta kwa mkono. Baada ya baridi ya usiku kucha iwe ya baridi kama injini. Ikiwa na uvuguvugu, umempata. Gusa na relei pia, zile swichi ndogo za umeme; iliyoganda huwa na joto. Kuthibitisha, toa hasi ya betri, fungua waya mnene wa altaneta na uufunge kwa tepu, rudisha mita, uone kama namba inaanguka.

Mpaka upate jibu, toa terminali ya hasi kila usiku. Saa na stesheni za redio zitafutika, injini inaweza kuyumba kidogo dakika za kwanza, ni kawaida. Na mtu asikushauri kulisukuma: Raum ni otomatiki, haliwaki kwa kusukumwa.