Mwalimu si rafiki, wala si lazima awe

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Mwalimu afanye nini ili aelewane vizuri na wanafunzi wake?" Ukiuliza mitaani utajibiwa awe rafiki yao. Mimi nafundisha baiolojia katika sekondari ya kata mkoani Singida, na jibu hilo silikubali. Mtoto wa kidato cha kwanza marafiki anao tele. Anayemkosa ni mtu mzima anayelijua jina lake, anayesoma alichoandika, na ambaye hasira zake hazitegemei kama mshahara umeingia au bado.

Nianze na majina. Tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016 madarasa yamefurika. Ni jambo jema, watoto waliokuwa wanabaki nyumbani sasa wako shuleni, lakini mkondo wangu mmoja tu una wanafunzi zaidi ya sitini, na mikondo ninayo minne. Kwa hiyo madaftari yaliyosahihishwa simpi kiranja agawe. Naita jina, mwenyewe anakuja mbele, namkabidhi mkononi. Kipindi ni dakika 40 na zoezi hilo linamega nyingi, wenzangu ofisini wananicheka. Ila kufikia Pasaka hakuna ninayemwita "wewe wa nyuma pale."

Na ndani ya daftari siandiki "Jitahidi." Neno hilo limeandikwa kwa kalamu nyekundu mpaka limechuja. Nitaandika: "Moyo umeuchora vizuri, lakini aota umeitoa ventrikali ya kulia. Inatoka ya kushoto. Chora tena." Mstari mmoja tu, na kwa juma nasahihisha hivyo mkondo mmoja, mingine naweka vyema na alama. Mtoto akilipata daftari lenye mstari wake utamwona anaufunika kwa kiganja asome peke yake kwanza, halafu ndiyo anamwonyesha jirani. Juma linalofuata ndiye anayenyoosha mkono.

Mmeona nimeandika kwa Kiswahili, ingawa somo linafundishwa kwa Kiingereza. Hapa ndipo uhusiano wa walimu na wanafunzi katika shule zetu unapoharibikia, na sijui kwa nini hatulisemi. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, akiulizwa anajibu, akibisha anabisha kwa hoja. Januari anaingia sekondari, na ukiondoa somo la Kiswahili lenyewe, kila kitu kimegeuka. Mwalimu anamuuliza, yeye anasimama, anatazama dawati, kimya. Anaulizwa mara ya pili, kimya. Tunasema ana kiburi. Pengine jibu analo, anatafuta tu namna ya kulisema bila kuchekwa na darasa zima. Mimi humwambia ajibu kwa lugha yoyote anayoiweza, kisha tunaisogeza sentensi yake kwenye Kiingereza pamoja, ubaoni. Kuna shule bado zinamvalisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza Kiswahili, halafu walimu haohao wanashangaa kwa nini hawaulizwi maswali.

Fimbo siwezi kuiruka. Kanuni zetu haziruhusu zaidi ya viboko vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye idhini ya maandishi, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Sasa niambieni, ni asubuhi ngapi mmeona kitabu kikifunguliwa getini wakati waliochelewa wanapangwa mstari? Wenzetu wa Kenya waliifuta adhabu hiyo shuleni mwaka 2001, na hata huko haikukoma siku hiyo. Mimi fimbo niliacha kuibeba, na si kwa huruma. Anayekuogopa hakuulizi swali, na asipouliza nitajuaje hajaelewa? Nitakuja kujua mtihani ukishapita.

Halafu wapo wanaosinzia. Nusu ya wanaosinzia darasani kwangu wanaishi mageto: kijiji kiko mbali, mzazi kapanga chumba karibu na shule, mtoto wa miaka kumi na minne anajipikia mwenyewe. Msichana mmoja alikuwa analala kipindi cha kwanza kila Jumatatu. Nilimngoja wengine watoke, nikamuuliza kilichomsibu. Kumbe Jumapili anakwenda kwao kufuata unga, na huondoka kijijini alfajiri, kwa miguu, na mzigo. Tukambadilishia zamu ya usafi ya Jumatatu, mwalimu wa malezi akazungumza na mama mwenye nyumba. Hatukuwa marafiki kwa hilo, bado ananiamkia na kupita. Lakini halali tena.

Mazungumzo hayo yalifanyika darasani, mlango wazi, na hapo ndipo hoja ya urafiki inaponitia wasiwasi zaidi. Mwalimu wa kiume anayemtuma msichana amchotee maji nyumbani, anayempigia simu usiku "kumjulia hali," naye atasema ni ukaribu. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Ukaribu wa mwalimu uwe ule ambao mzazi akipita dirishani anaweza kuuona wote.

Kuhusu twisheni niseme moja tu: mwalimu anayefundisha nusu ya mada darasani ili nusu nyingine ailipishe jioni asitafute mbinu za kuelewana na mtu.

Wakuu wa shule nao wana lao, na halihitaji bajeti. Kila Januari tunapanguliwa, mwalimu wa darasa wa kidato cha kwanza anabaki na wapya, na wale aliokwisha kuwafahamu wanaanza upya na mwingine. Mwacheni apande nao hadi kidato cha nne. Niliomba hivyo kwenye kikao cha kufunga muhula, mkuu wetu akakubali tujaribu na mkondo mmoja. Wamenipa mkondo C, ule ambao ofisini wanauita wa watukutu.