Stelingi Wako Amevaa Mchuchumio. Anakimbiaje?

Najua sehemu ya kwanza ya hadithi yako inavyoanza, maana hata yangu ilianza hivyohivyo. Mlango wa gari unafunguliwa, unatoka mguu, linafuata gauni jekundu, halafu aya nzima ya sifa: umbo namba nane, macho malegevu, mwanya, shingo yenye pingili. Ukumbini wanaume wanasahau vinywaji vyao. Karibu nusu ya sehemu ile niliimaliza nikimsifia Salma wangu, nikajiona mwandishi. Kufika sehemu ya tatu, Salma alikuwa amefungwa kwenye kiti ndani ya ghala, akisubiri mwanamume aje kumfungua. Katika ile aya ndefu hapakuwa na neno hata moja la kumsaidia.

Tangu siku hiyo, anayeanza kuandika mfululizo wenye stelingi wa kike namwambia jambo moja: usimvishe kitu ambacho hakitafanya kazi. Mwangalie Modesty Blaise wa Peter O'Donnell, aliyeanza kutoka kwenye katuni za gazetini Uingereza mwaka 1963 na kuendelea hadi 2001. Ana fundo la nywele la kupendeza kichwani, na ndani ya fundo hilo huficha kijiti kigumu cha kupigania, kinachoenea kiganjani. Msomaji akitazama nywele anamwona mrembo. Adui naye anazitazama hizohizo, anajuta baadaye.

Kwa hiyo mchuchumio uvaliwe, lakini uujibie. Hakimbii nao. Atauvua, atakanyaga vigae vya chupa, na sehemu ijayo atachechemea. Gauni jekundu nalo lina faida ambayo wengi hatuioni: watu mia wakilitazama gauni, hakuna anayekumbuka uso. Basi aingie nalo ukumbini, aliache chooni, atoke na ndoo ya kudekia mbele ya walinzi walewale waliokuwa wakimkodolea macho. Hapo urembo umefanya kazi ya zana, na hukuhitaji kusema kwamba yeye ni mjanja.

Kuhusu ujasiri, nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama. Mwaka 1914 sinema za mfululizo za Marekani zilileta mabinti wawili wanaofaa kulinganishwa. Pauline, aliyeigizwa na Pearl White, ni mrithi wa mali anayetaka kuonja hatari kabla ya kuolewa. Mtu aliyekabidhiwa mali yake anataka afe ili aitwae. Helen yeye ni mtumishi wa stesheni ya reli, anayetuma na kupokea habari kwa telegrafu. Pauline alikwenda sehemu 20. Helen alifika 119, mpaka mwaka 1917. Sidai kwamba idadi ndiyo kipimo cha ubora. Lakini mwandishi wa Pauline analazimika kila mara kubuni mtego mpya wa yule mbaya, wakati kwa Helen kazi yenyewe inaleta visa: treni inakuja, breki hazishiki, na aliyepata habari ni yeye peke yake. Anaruka kwa sababu anajua reli ile inaishia wapi. Mpe stelingi wako kazi, uijue kazi hiyo wewe mwenyewe, na ujasiri wake hautaonekana kama wazimu.

Sasa lile neno letu tamu, "itaendelea". Mwandishi mgeni huishia kwenye bunduki: mtutu umemwelekea, kidole kiko kwenye kifyatulio, itaendelea. Ubaya ni kwamba kila msomaji anajua stelingi hafi. Mfululizo una jina lake, atakufaje sehemu ya tano? Ukimuuliza msomaji kama ataishi, umemuuliza swali ambalo tayari ana jibu lake. Ishia kwenye uamuzi. Ameshatoka, lango liko wazi, gari linanguruma, anasikia jina lake likiitwa kule ndani na mtu aliyewahi kumsaliti. Anageuka. Katia hapo. Msomaji atakaa siku nzima akibishana na wenzake kama alifanya vizuri.

Na stelingi akilipia uamuzi wake, alipe kweli. Niliwahi kumvunja Salma kifundo cha mkono sehemu ya saba, sehemu ya tisa nikamning'iniza kwenye kamba ghorofani. Msomaji mmoja aliniandikia sentensi moja tu: "Huo mkono ulipona lini?" Sikuwa na jibu. Siku hizi nina daftari la majeraha, nguo, fedha alizobakiwa nazo, na nani anajua siri gani. Msomaji wa mfululizo hasahau. Sisi waandishi ndio tunaosahau, kwa kuwa tunaandika usiku, tumechoka, na sehemu inatakiwa asubuhi.

Mapenzi? Yawepo kama unayataka, ila usiyafanye mlango wa kumtolea hatarini. Modesty ana Willie Garvin, mwenzi wake wa kila vita, na hawakuwahi kuwa wapenzi. Mvutano haukupungua hata kidogo. Ukimleta mwanamume, mpe udhaifu wake naye, wakati mwingine yeye ndiye afungwe kwenye kiti.

Ile sehemu ya tatu niliiandika upya. Ghala lilelile, kiti kilekile, gauni jekundu halikubadilika, ila sasa lina mkanda wenye bizimu kubwa ya dhahabu ambayo wanawake wa ukumbini waliiteta sehemu ya kwanza kwamba imezidi. Ukingo wake una makali kiasi. Kukata kamba kulimchukua sehemu nzima, na vidole viwili vya mkono wa kulia havitashika kalamu mpaka sehemu ya kumi. Nimeshaandika kwenye daftari.