Shusha Nyonga Kwanza

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, mhusika wa gemu yangu akipanda ngazi miguu inaelea. Nimebadilisha animesheni mara nne, bado. Nifanyeje?" Usingizi uliniruka. Jambo hilo hilo liliwahi kuniliza.

Gemu yangu ya kwanza niliipeleka kwenye shindano moja hapa Dar es Salaam, baada ya miezi minane ya kulala saa tisa usiku. Mhusika alikuwa kuli wa bandarini, anapanda ngazi za mawe na gunia begani. Jaji akashika padi ya kuchezea, akampandisha ngazi tatu, akaacha. Mguu mmoja ulikuwa umezama ndani ya jiwe hadi kifundoni, mwingine uko hewani. "Huyu mtu hakanyagi chini," akasema, akaweka padi na kwenda meza ya pili. Hata dakika mbili hazikufika. Mpaka leo nikikumbuka kifua kinanibana.

Alisema kweli lakini. Ile animesheni ya kutembea niliitengeneza kwenye sakafu tambarare, na mwili haukuwa na habari kama kuna ngazi.

Dawa niliisoma baadaye: kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu, unatupa mwale, mstari usioonekana, kwenda chini kutoka juu ya kila unyayo, upate kimo cha sakafu pale mguu unapotua. Kisha programu inakunja nyonga na goti mpaka unyayo ufike hapo, na unyayo unalala kufuata mteremko. Nikafanya hivyo, na bado mguu wa chini ukabaki umenyooka kama mpini wa jembe, haugusi kitu. Wiki mbili nzima! Jioni moja nikasimama kwenye ngazi za nyumba tunayopanga, mguu mmoja juu, mmoja chini, nikajishika kiuno. Kumbe mwili unafuata mguu wa chini. Wa juu ndio unaokunja goti. Nikakimbilia ndani, nikashusha nyonga ya kuli kwa kiasi kile mguu wa chini ulichopungukiwa, ndipo nikakunja miguu. Akasimama. Nilimwita mke wangu aje aone.

Basi ndugu yangu, shusha nyonga kwanza. Na akiwa anateleza anapotembea, pima hatua zake: animesheni ikienda mita 1.4 kwa sekunde nawe unamsukuma mita 2, nyayo lazima ziburuzike.

Vijana wenzangu, tunakimbilia bunduki na magari, tunamsahau mtu. Katika gemu ya Shadow of the Colossus ya 2005, jitu likijitikisa mhusika mkuu Wander anapepesuka huku ameng'ang'ania manyoya yake. Katika gemu ya Breath of the Wild ya 2017, mvua ikinyesha mhusika mkuu Link anateleza kwenye jabali, na penye baridi anatetemeka. Hali ya hewa unaisoma mwilini mwake. Tazameni watu! Nendeni Kariakoo siku ya mvua, mtazame aliyebeba mzigo anavyovuka tope: hatua fupi, magoti yamelegea, macho chini.

Kuli wangu sasa anavuka hivyo hivyo. Akifika penye utelezi, mkono usioshika gunia unatafuta ukuta.